Chupa ya Mnarani

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Alitoka uani, akafungua bomba, akakinga maji kwenye bilauri na kuyanusa. Kisha alipaza sauti kuelekea chumbani: "Baba, leo yananuka udongo!" au "Baba, leo hayanuki kitu!" Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya maji, na dawa za kusafishia maji zilikuwa zimemharibia pua siku nyingi. Kwa hiyo aliitegemea pua ya binti yake, na binti mwenyewe alijivunia kazi hiyo kuliko hata alama zake za darasani.

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Majirani walimbandika kwa sababu ya mdomo wake, maana akianza kusimulia jambo, hata mwenye haraka hutua mzigo chini. Aliyempachika hasa ni Babu Saa, mzee aliyetengeneza saa kwenye meza ndogo kando ya lango lao. "Wewe mtoto," alimwambia siku moja, "saa zangu zote zikisimama, nitaujua muda kwa kelele zako tu." Mdogo wake Chiriku aliitwa Kibonge, naye alilistahili jina. Mashavu yalimjaa hata akicheka macho yanapotea. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na nyumba nzima ilijaa vipande vya vitambaa.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Bwawa lililokuwa juu ya mji likapungua, na maji yaliyobaki yakakaa juani kama maji yaliyosahauliwa kwenye beseni. Kwanza Chiriku alisema yananuka nyasi. Baadaye alisema yananuka nyasi zilizooza. Asubuhi moja hakupaza sauti kabisa. Aliibeba bilauri hadi chumbani, akamwonyesha baba yake. Maji yalikuwa ya kijani.

Bwawani kulikuwa kubaya zaidi. Utando mzito ulikuwa umetanda majini kana kwamba mtu kamwaga madebe ya rangi, na samaki waliokufa walielea ukingoni matumbo juu. Mbuzi wa mfugaji mmoja walikunywa pale asubuhi, na kabla ya jua la utosi walikuwa wamelala chini wakitapatapa. Hakupona hata mmoja.

Hapo ndipo alipokuja Mama Chupa. Alikuwa mtafiti wa maji kutoka maabara ya jiji la mbali, na watu walimwita hivyo kwa sababu hukumwona bila chupa mkononi, begani au mfukoni. Alikuja shuleni kwa akina Chiriku, akasimama mbele ya darasa na chupa ya maji ya kijani.

"Watu wanauita huu mwani," alisema. "Ukiutazama kwa hadubini utaona ni vijidudu vidogo mno, vinavyojitengenezea chakula kwa jua kama majani. Maji yakipata joto, na mbolea ya mashambani ikishuka bwawani, vinazaliana bila kiasi. Vingine ndani yake vina sumu. Sumu hiyo inaharibu ini."

Chiriku alikuwa wa kwanza kunyosha mkono, kama kawaida yake. "Si tutayachemsha tu, Mwalimu? Mama anachemsha kila siku."

"Swali zuri, na sikiliza jibu kwa masikio yote mawili," Mama Chupa alisema. "Kuchemsha kunaua vijidudu. Sumu si kijidudu, haina uhai wa kuuawa. Unachemsha, vijidudu vinapasuka, sumu inabaki palepale sufuriani. Tena maji yakipungua kwa moto, sumu inazidi kukolea. Maji ya namna hii hayachemshwi, yanaachwa."

Kisha akawaonyesha namna ya kuchota maji ya kupimwa. Chupa hufungwa kamba na kipande cha chuma, kisha hushushwa kwenye mnara wa katikati ya bwawa, pale maji yanapoingilia bomba la mji. Huchoti ukingoni, huchoti juu juu. Unaisuuza kwa maji yaleyale, unaijaza, unaifunika kwa kitambaa cheusi isipigwe na jua, unaiweka kwenye boksi la barafu. "Mimi maabara napima nilicholetewa," alisema. "Chupa haina mdomo wa kuniambia imetoka wapi."

Vali kubwa ya bomba la mji ikafungwa. Maji yakawa yanaletwa na magari, na foleni za ndoo zilizunguka mtaa mzima. Watu waligombana, ndoo zikapasuliwa, kina mama wakarudi mikono mitupu. Meneja wa maji hakuwa na amani. Kila alikopita alizomewa, na mwisho akaamua kumwaga mrututu bwawani, ile dawa ya bluu inayoua utando.

Mama Chupa alimpinga mbele ya watu. "Utaviua vijidudu vyote kwa mpigo, vitapasuka, na sumu iliyomo ndani yake itamwagikia majini. Utaona maji maangavu, Meneja, na sumu hutaiona."

"Na mimi niwaambie nini watu hawa? Wanywe upepo?"

Wakabishana mpaka wakapatana. Mrututu utamwagwa, lakini vali itabaki imefungwa. Siku kadhaa zikipita, fundi atachota chupa mnarani na kuipeleka maabara kwa basi la asubuhi. Mama Chupa akisema maji ni salama, vali ifunguliwe. Asiposema, isiguswe. Mama Chupa akarejea jijini kuiandaa mashine yake.

Baba yake Chiriku alishinda juu ya mtumbwi akimwaga mrututu, gunia baada ya gunia, mpaka viganja vikababuka. Na kweli utando uligeuka kahawia, ukazama. Bwawa likarudi kuwa kama kioo. Watu walikwenda kulitazama, wengine wakapiga makofi.

Siku ya kuchota chupa ilipofika, baba alikuwa hoi. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji, na vichujio vya mtambo vilikuwa vimezibwa na matope ya utando uliokufa. Alimwita Chiriku alipokuwa akijiandaa kwenda shule.

"Mwanangu, umenisindikiza mnarani mara ngapi?"

"Nyingi, Baba."

"Basi leo nenda ukanichotee. Unajua kila kitu. Ukitoka shule usipitie popote, chota, leta boksi hapa. Na usimwambie mtu kwamba nimekutuma wewe, maana kazi hii ni yangu."

Chiriku alichukua boksi huku kifua kimemjaa fahari. Fahari hiyo ilidumu mpaka kengele ya mwisho. Jioni hiyo mwalimu wa michezo alikuwa anachagua timu ya mpira wa pete, na Chiriku alikuwa ameingoja siku hiyo tangu muhula uanze. Mnara ulikuwa mbali. Kulikuwa na kilima, halafu lile daraja jembamba lenye utelezi, na harufu ya samaki waliooza. Akienda huko, akirudi angekuta wenzake wameshavaa fulana za timu.

Alisimama nyuma ya darasa, karibu na tangi la shule la maji ya mvua. Bomba la tangi lilikuwa likidondoka tone, tone. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Maji ni maji, alijiambia. Bwawa lenyewe si limeshakuwa safi? Kila mtu kaona. Akaisuuza chupa vizuri kama alivyofundishwa, akaijaza, akaifunika kwa kitambaa cheusi na kuiweka kwenye barafu. Alifanya kila kitu sawasawa isipokuwa kile kimoja tu.

Alichaguliwa kuwa mfungaji. Aliporudi nyumbani baba yake alimuuliza, "Mnarani kukoje?" naye akajibu bila kupepesa macho, "Kuzuri, Baba. Maji mpaka chini unaona." Baba akampapasa kichwa kwa mkono wenye bandeji.

Baada ya siku chache simu ikapigwa kutoka maabara. Maji hayana sumu. Vali ikafunguliwa siku hiyohiyo, na mabomba yakakoroma, yakatema hewa, yakatoa maji. Mtaani kulikuwa na shangwe kama ya harusi. Babu Saa alijaza kikombe chake kikubwa, akakiinua juu kuelekea kwa Chiriku. "Afya ya baba yako!" alisema, akanywa chote. Chiriku alikimbilia bomba la uani, akakinga bilauri na kunusa. Hayakunuka kitu. Moyo wake ukatulia, akayanywa na yeye, kidogo tu, maana siku hizo kutwa alikuwa mazoezini na huko walikunywa maji ya tangi la shule.

Wa kwanza kuugua nyumbani alikuwa Kibonge. Alitapika asubuhi, akatapika mchana, akashika tumbo upande wa kulia, akalia kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake. Kesho yake Babu Saa hakuonekana mezani kwake. Kesho kutwa kila nyumba ilikuwa na mtu wa kutapika. Hospitali ikajaa mpaka wagonjwa wakalazwa kwenye korido, na madaktari, wakidhani ni ugonjwa wa vijidudu, walitangaza: chemsheni maji, wapeni wagonjwa maji mengi yaliyochemshwa. Wangefikiria nini kingine? Maabara ilikuwa imekwisha kusema maji hayana sumu.

Mama alilala hospitali na Kibonge. Nyumbani baba alichemsha maji katika sufuria kubwa, akayaacha yatokote sana kwa sababu alitaka yawe salama kabisa, akajaza thamosi. Kazi ya kuipeleka ilikuwa ya Chiriku.

Siku ya kwanza aliibeba mpaka wodini. Alimkuta mdogo wake mashavu yamekwisha, weupe wa macho umeingia manjano. Mama akamimina kikombe, Kibonge akanywa kwa pupa, na Chiriku akasikia tena ile sauti ya darasani: sumu si kijidudu. Alijiambia huenda ni malaria. Alijiambia huenda ni chakula. Alijiambia mambo mengi, na yote aliyasema kimoyomoyo, yeye ambaye zamani hakuweza kukaa na siri hata ya zawadi.

Mchana wa siku iliyofuata Babu Saa alifariki. Saa za watu zilibaki mezani kwake chini ya kipande cha turubai, na zile zilizokuwa nzima zikaendelea kugonga kana kwamba hakuna lililotokea. Chiriku alipita hapo akitoka shule. Alitaka kulia, machozi yakakataa, akabaki amesimama kama mti mpaka mjukuu wa mzee alipomwambia apishe njia.

Alipofika nyumbani alikuta Mama Chupa amekaa kwenye kiti cha cherehani cha mama. Hakuwa na chupa hata moja mkononi. Baba alikuwa amesimama, ameegemea ukuta.

"Fundi, nakuuliza kama ndugu yangu," Mama Chupa alikuwa akisema. "Ile chupa ulichota wapi?"

"Palepale mnarani."

"Kwa mkono wako?"

Baba aligeuza uso. Alimwona Chiriku mlangoni, akayakwepa macho yake. "Kwa mkono wangu."

"Maana kulikuwa na maji yaliyobaki kwenye chupa, nikayapima tena. Hayana hata dalili ya mrututu. Umemwaga magunia na magunia, halafu maji ya bwawa yakose mrututu? Inaniingiaje akilini?"

"Labda mashine yako, dada. Mashine nazo huchoka."

Mama Chupa aliinuka. "Labda," alisema. "Nimemwomba Meneja afunge vali, amekataa. Anasema ana majibu yangu mwenyewe mkononi, yanasema maji salama, na watu watamrarua akifunga tena bila ushahidi. Kwa hiyo nachota upya sasa hivi. Lakini mpaka chupa ifike jijini, ipimwe, majibu yarudi, itapita siku baada ya siku. Nimetoka hospitali, Fundi, na madaktari nao wanayashika majibu yaleyale. Sijui kama wagonjwa wote watazifikia siku hizo."

Alipoondoka, baba alikaa pale kwenye kiti na kujishika kichwa. "Ulichota mnarani, sivyo?" aliuliza bila kumtazama bintiye.

"Ndiyo, Baba," Chiriku alisema.

Baba hakuuliza tena. Ni kweli kwamba mtu anayeficha jambo lake haoni vizuri la mwenzake. Yeye aliogopa ijulikane kwamba alimtuma mtoto, akapoteza kazi. Mtoto naye aliogopa la kwake. Wakakaa chumba kimoja, kila mmoja na uongo wake, na jikoni maji yakatokota.

Thamosi ikajaa, Chiriku akatumwa. Njiani alitembea polepole. Alipofika kwenye mtaro karibu na lango la hospitali, alifungua kifuniko, akamwaga maji yote, akakiweka kifuniko mahali pake. Alihisi amepata dawa. Nitasema imenidondoka, alijiambia. Kibonge hatakunywa, na mimi sitasema kitu, na majibu mapya yatakuja, mambo yataisha.

"Mama, nilijikwaa, maji yamemwagika," alisema alipofika kitandani.

Mama alikuwa amechoka hata kukasirika. Nywele zimemsimama, kitambaa kimelegea kichwani. Kabla hajajibu, mama mwingine aliyekuwa akimuuguza binti yake kitanda cha pili aliinua thamosi yake. "Usijali, shoga, mimi ninayo ya kutosha. Yamechemka sawasawa, nimeyasimamia mwenyewe." Akamimina kikombe, akampitishia mama.

Chiriku aligeuza macho wodi nzima. Kando ya kila kitanda kulikuwa na thamosi. Nyekundu, buluu, ya maua, iliyovunjika mpini ikafungwa kwa kamba. Mama wa huyu, bibi wa yule, baba aliyetoka kazini na ovaroli lake, wote wakimimina, wakipuliza maji yapoe, wakiinua vichwa vya wagonjwa kwa upole. Angeweza kumwaga thamosi yao moja kila siku. Hizi nyingine angezimwagaje?

Kikombe kilikuwa kimeshagusa midomo ya Kibonge.

"Asinywe!" Chiriku alipiga kelele, akakipiga kikombe kwa mkono. Kikaruka, kikagonga ukuta. Wodi nzima ikageuka.

"Wewe mtoto una wazimu?" mama alisema akisimama.

"Asinywe, Mama! Msinywe, hakuna anayepaswa kunywa! Kuchemsha hakusaidii. Ile chupa sikuchota mnarani. Nilichota kwenye tangi la shule, maji ya mvua, kwa sababu nilitaka kuwahi mpira. Maji yaliyopimwa si ya bwawa. Maji ya bwawa hayajapimwa kabisa!"

Yote yalimtoka kwa pumzi moja, kisha akakaa sakafuni penye maji. Mama wa kitanda cha pili alitazama thamosi iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini polepole. Halafu akaanza kulia, maana binti yake alikuwa amekunywa kutoka humo asubuhi yote.

Daktari aliyekuwa mwisho wa wodi alikuja mbiombio. Alipiga magoti mbele ya Chiriku. "Rudia ulichosema. Taratibu." Chiriku akarudia. Daktari hakumkaripia, hakumbembeleza pia. Aliinuka, akawaamuru wauguzi wakusanye kila thamosi na kila ndoo, akaomba maji ya chupa kutoka stoo, akaagiza dripu. Kisha akapiga simu kwa Meneja, na sauti yake ilisikika hadi korido: "Nasema funga. Siulizi."

Vali ilifungwa jioni hiyohiyo. Chupa aliyochota Mama Chupa mwenyewe ilipopimwa, ilikutwa na sumu kuliko hata siku zile za utando wa kijani, na maji yake yalikuwa maangavu kama machozi.

Mwili wa Kibonge ulijitahidi. Daktari alieleza kwamba hana dawa ya kuiua sumu ile. Tiba ni kuacha kuinywa, kuusaidia mwili kwa dripu, na kungoja ini lijitengeneze. Wengi walipata nafuu kwa namna hiyo. Yule binti wa kitanda cha pili hakuipata. Chiriku aliambiwa asubuhi, na siku hiyo hakwenda shule, wala hakuna aliyemlazimisha.

Baba mwenyewe alikwenda kwa Meneja bila kuitwa. Alisema: nilimtuma mtoto, na nilipoulizwa nikadanganya. Alivuliwa ufundi mkuu, akawekwa kuosha vichujio chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Meneja naye aliondolewa. Nyumbani hakukuwa na ugomvi, na Chiriku aliona heri ugomvi ungekuwepo. Mama alishona kimya. Mara moja tu alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye sindano, "Nilikuwa namnywesha kwa mkono wangu. Na wewe unanitazama." Chiriku alilia, na mama hakumzuia. Baadaye alimsogezea kitambaa ajifute.

Kibonge aliporudi nyumbani, mwembamba hata jina halimfai tena, baba alimshika Chiriku mkono wakaenda kwa mjukuu wa Babu Saa. Walisema walichokifanya, baba la kwake, binti la kwake. Mjukuu aliwasikiliza mlangoni, hakuwakaribisha ndani. "Nimesikia," alisema mwishowe, akafunga mlango. Siku iliyofuata walikwenda kwa wazazi wa yule binti. Huko mlango haukufunguliwa kabisa.

Mvua zilipokwisha kunyesha na bwawa kujaa, Mama Chupa alirudi. Alimkuta Chiriku amekaa uani kando ya bomba, bila bilauri.

"Hunusi tena?"

"Pua yangu haina maana. Siku ile haikusikia kitu."

"Pua haikudanganya. Sumu ile haina harufu." Mama Chupa alikaa chini kwenye saruji, sketi na yote. Baba alitoka ndani akasimama nyuma yao. "Nikuambie langu pia. Niliamini chupa moja. Mji mzima, na mimi nikatosheka na chupa moja niliyopelekewa na mtu mmoja. Sasa tunachota tatu, watu watatu, na mimi mmoja wao. Hilo ni kosa langu na nitakufa nalo. Lakini sikiliza, Chiriku. Sayansi ina mashine za ajabu, na zote zinaanzia kwenye mkono wa mtu aliyechota. Mkono huo ukisema uongo, mashine inausema uongo uleule, tena kwa tarakimu, na watu wanauamini zaidi."

"Nilisema mwishoni," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Ulisema, na wodi ile ina watu walio hai kwa sababu hiyo, mdogo wako mmojawapo. Ungesema siku ya kwanza, wangekuwa hai na wengine. Yote mawili ni kweli, na itakubidi uyabebe yote mawili. Kosa lolote, mwanangu, lina siku ambayo ukilisema linakugharimu aibu tu. Siku hiyo ikipita, wanaolipa ni watu wengine."

Baba alikohoa. "Na mtu mzima anayemwambia mtoto asiseme," alisema, "amemfundisha kudanganya hata kabla ya tangi la shule."

Kisha Mama Chupa alitoa chupa begani, akaiweka katikati yao. "Leo ni zamu ya kuchota. Nina watu wawili, namtafuta wa tatu."

Chiriku alitazama chupa ile, asiiguse. Alimtazama baba yake, naye baba akaitikia kwa kichwa. Wakapanda kilima wote watatu, wakapita lile daraja jembamba, Chiriku akiwa katikati. Mnarani alifunga kamba, akaishusha chupa mpaka kina kilichotakiwa, akaisuuza, akaijaza, akaifunika kwa kitambaa cheusi. Maji yalikuwa safi kwa kutazama.

"Umechota wapi?" Mama Chupa aliuliza, kama alivyomuuliza kila mchotaji tangu siku zile.

"Mnarani," Chiriku alisema. "Kwa mkono wangu."